Siku Tuliyoenda Chuka Kuposa Mashine

Sifa na shukrani ni za Mungu aliyeiinua milima na kuigawia mvua kwa vipimo tofauti, akawapa hawa viazi na wale alizeti, akaacha barabara katikati ili watu watafutane. Ndiye anayeniamsha kila asubuhi magoti yangu yakiwa bado yanakunjika, japo kwa manung'uniko. Kwa jina lake naanza, na anijalie nimalize bila kumvunjia mtu heshima, maana ninaowasimulia hapa wengi wako hai na wanajua ninakoishi.

Mimi ni mzee wa kanisa, mkulima wa viazi na mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika, upande wa Kiirua, Meru. Kwetu kuna baridi ya asubuhi inayomfanya hata ng'ombe asite kutoka zizini, lakini viazi vinaipenda. Kuvilima hakujatushinda kamwe. Kinachotushinda ni kuvingoja vipate mnunuzi, kwa sababu kiazi chetu hakina subira. Kikae stoo kidogo tu, tayari kimeanza kuota. Dalali analijua jambo hilo vizuri. Huja na lori lake polepole, hushuka akipiga miayo, huchungulia stoo, kisha husema kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Mzee, hivi si viazi tena. Hivi ni miche."

Mke wa mwanangu ndiye aliyechoka kwanza. Siku moja alikataa kumpa dalali hata gunia moja, akachukua kisu, akaanza kukata viazi vyembamba kama karatasi na kuvikaanga jikoni kwake vikawa kripsi. Aliziuza stendi ya Kiirua na hazikuwahi kurudi nyumbani. Lakini mafuta ya dukani yalimla. Alikuwa akitoka sokoni na kapu tupu, na faida yote imebaki kwa muuza mafuta. Jioni nilimsikia akiimba tenzi za rohoni kwa sauti ya mtu anayebishana na sufuria.

Kule Kanja, upande wa Embu, kulikuwa na chama cha ushirika kama chetu. Wao walikuwa na kinu cha kukamua alizeti iliyolimwa na ndugu zao wa nyanda za chini, kwenye joto. Mafuta yao yalikuwa safi, yenye rangi ya asali, lakini yalikaa kwenye mitungi yakitazamana, kwa kuwa wateja walitaka yale ya chupa zenye picha. Basi sisi tulikuwa na viazi bila mafuta, wao mafuta bila viazi, na kati yetu barabara nzuri ya lami inayopita Chuka.

Aliyetuunganisha ni binti mmoja wa ofisi ya viwanda. Kazi yake ilikuwa kuzifanya kaunti jirani zishirikiane katika viwanda vidogo na biashara badala ya kila moja kukazana peke yake. Alikuwa mzaliwa wa mjini, mwenye adabu, mwenye haraka. Alitutafutia mashine: upande mmoja unaingiza kiazi na udongo wake, upande wa pili kinatoka kripsi ndani ya pakiti iliyofungwa. Tungepewa vyama vyote viwili kwa pamoja, kwa sharti moja. Tukubaliane mashine itakaa wapi, na tutie sahihi. Tukishindwa, kulikuwa na kikundi kingine mbali huko nchini kilichokuwa kinaiombea mashine hiyohiyo, na pengine kwa kufunga.

Tulikutana hotelini mara kadhaa. Mambo yote tuliafikiana: jina la kripsi, rangi ya pakiti, soko, hata aina ya chumvi. Lakini tukifika kwenye swali la mahali, watu wote walishikwa na kikohozi. Sisi tulisema viazi ni vizito, kiwanda kiwe penye viazi. Wao walisema mafuta humwagika njiani, kiwanda kiwe penye mafuta. Kisha tulikula, tukaombeana safari njema, tukarudi makwetu.

Mwishowe yule binti alipoteza subira, ingawa kwa upole. "Wazee wangu," akasema, "tutakutana mara ya mwisho. Si Meru, si Embu. Ni Chuka, katikati, kwenye ukumbi wa kanisa. Siku hiyo lori litakuwa linatoka Nairobi na mashine. Ketini chini kama familia mbili, mwelewane. Msipoelewana, lori linageuka na mashine yake."

Maneno hayo alisema kwa nia njema kabisa. Hakujua amesema nini.

Katibu wa chama chetu ni mwalimu mkuu mstaafu, rika langu, mtu ninayempenda na kumwogopa kidogo. Alituita chumba cha nyuma cha kanisa, akafunga mlango.

"Mmemsikia?" akasema. "Familia mbili. Tangu lini familia mbili za watu wazima zikaketi chini bila kuwa na posa?"

Tuliitikia. Ilikuwa kweli. Kwetu familia mbili hukaa chini kwa ajili ya ndoa au kwa ajili ya kesi, na kesi hatukuwa nayo.

"Sasa fikirini," akaendelea. "Katika posa, nani huondoka na bibi arusi? Ni yule aliyekuja kuomba. Anatoa kondoo, anatoa asali, anavumilia maneno, anakaa karibu na mlango kama mtu asiye na thamani. Lakini mwisho wa yote binti anaenda kwake. Baba wa binti anabaki na kondoo na nyumba iliyopoa. Basi sisi twende kama waposaji. Tuwape wale wa Embu heshima yote. Tuwaite baba. Watafurahi, watakula, watabariki. Watakapokumbuka kuuliza mashine iko wapi, itakuwa Kiirua inameza viazi."

"Mwalimu," nikamuuliza, "huo si udanganyifu?"

"Huo ni utamaduni."

"Utamaduni wa kudanganya?"

"Mzee, tunawapa kondoo dume aliyenona. Umewahi kusikia mtu akidanganywa kwa kupewa kondoo?"

Nilitafuta jibu katika mahubiri yote niliyowahi kusikia, sikulipata. Tukakubaliana: kondoo dume mmoja, na mtungi wa asali. Zamani tungebeba na kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ile ya heshima, na jamaa zangu wa Maua mpaka leo hawanielewi kwamba tulienda kuposa mikono mitupu. Lakini mzee wa kanisa hawezi kufungua mkutano kwa maombi huku shavu limevimba. Tulichukua pia gunia moja la viazi vizuri, la kuonyesha.

Siku ilipofika tulivaa makoti, tukamfunga kondoo nyuma ya pikapu, tukateremka hadi Chuka. Tulipoingia kwenye boma la kanisa tuliona kondoo dume mwingine amefungwa kwenye mti wa mvinje, karibu na jiko. Alikuwa mweupe, ameoshwa. Mwalimu alimtazama akasema, "Hawa wa Chuka wanafuga vizuri." Tukamfunga wetu kando yake. Wale kondoo walitazamana kwa muda, na nikaona kwamba hawakupendezwa, lakini sikulitilia maanani.

Ndani ya ukumbi, binti wa ofisi alikuwa ameketi mbele peke yake na kompyuta yake. Viti vyote vya mbele vilikuwa vitupu, hata kile kikubwa cha mwenyeji. Watu wa Embu, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, walikuwa wamejibana nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mahali hapo palikuwa petu. Mposaji ndiye hukaa mlangoni. Mwalimu alisita, kisha akavuta kiti akakisukuma kati ya ukuta na mwenyekiti wa Embu. Nasi tukafuata. Kwa dakika chache hapakuwa na maneno, ila miguu ya viti na "samahani" nyingi, kila mzee akijaribu kuwa karibu na mlango kuliko mwenzake. Mzee wetu mmoja mwishowe alikaa nje kabisa, kwenye ngazi, akatabasamu kama mtu aliyeshinda.

"Wazee, karibuni mbele," binti akasema. "Nafasi ziko."

"Tuko sawa hapa, binti," akajibu mwenyekiti wa Embu.

"Hapa ndipo petu," akasema Mwalimu, na wale wawili wakatazamana.

Kisha tukanyamaza. Desturi ni kwamba mgeni hasemi mpaka mwenyeji amuulize kilichomleta. Sisi tulimngoja Embu atuulize. Embu, nilikuja kujua baadaye, alitungoja sisi. Nzi alipita kutoka dirisha hadi dirisha na wote tukamsindikiza kwa macho. Binti alifungua kompyuta, akaifunga. Nilipoona amani inakuwa nzito nikasimama nikaomba, kwa kuwa hilo angalau ninalijua. Niliomba kwa ajili ya mvua, barabara, wajane, serikali na umeme. Nilipoketi, mwenyekiti wa Embu, ambaye naye ni mzee wa kanisa lao, akasimama akaomba pia, akataja yote niliyotaja akaongeza mataifa jirani na wamisionari. Nilimsikia Mwalimu akininong'oneza, "Amekupita kwa wamisionari."

"Amina," binti akasema haraka. "Ajenda ya kwanza. Mashine itakaa wapi?"

Mwalimu akasimama taratibu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilijua anakwenda kusema nini, tulikuwa tumefanya mazoezi. Mposaji hataji haja yake wazi. Huizunguka.

"Sisi ni wapita njia tu," akasema. "Tulipoteza mtamba wetu huko juu. Tumefuata nyayo zake mlima na bonde, nazo zimetuleta hapa. Hatujui kama wenye mji huu wamemwona."

Mwenyekiti wa Embu alivua kofia yake ya manyoya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa kitu mfukoni huku akitazama.

"Ajabu," akasema. "Ajabu kubwa. Hata sisi tumepoteza mtamba."

"Wenu alipotea lini?" Mwalimu akauliza kwa ukali.

"Kabla ya wenu."

Binti wa ofisi alitutazama upande huu, akatutazama upande ule. "Poleni sana," akasema. "Lakini mmepiga ripoti polisi?"

Kabla hajapata jibu, ukuta wa upande wa jiko ulilia *pu!* Ukalia tena. Kisha mlango ukafunguliwa na akaingia mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani na upawa mkononi. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lile, na ndiye aliyeshika funguo za boma zima.

"Bwana asifiwe. Nani mwenye hawa kondoo wanaobomoa jiko langu?"

"Mmoja ni wetu," tukasema.

"Mmoja ni wetu," wakasema Embu.

Mama aliweka upawa kiunoni, akatuangalia. Aliangalia mtungi wetu wa asali miguuni pa Mwalimu. Aliangalia mtungi wao wa asali, ambao mwenyekiti wa Embu alikuwa anajaribu kuusukuma chini ya kiti kwa kisigino. Aliangalia viti vitupu vya mbele na wazee waliobanana mlangoni kama kuku wakati wa mvua.

"Haiya," akasema. "Kondoo wawili, asali mbili, na wanaume wote mlangoni. Mmekuja kuposa! Binti yuko wapi?"

Macho ya wengine wetu, kwa kukosa pa kwenda, yalimwangukia binti wa ofisi.

"Wazee, jamani," akasema akisimama na kuikumbatia kompyuta. "Mimi nimeolewa. Nina watoto."

Yule mama alicheka mpaka akashika mlango. Ikawa lazima Mwalimu aeleze, na alipoanza kueleza mwenyekiti wa Embu naye akaeleza, na kumbe maelezo yalikuwa yaleyale. Nao walisikia neno "familia mbili". Nao walijifungia chumbani. Nao walipanga kutuita baba.

Ikawa ugomvi, lakini ugomvi wa ajabu, maana kila upande ulikuwa unapigania kumpa mwenzake heshima.

"Nyinyi watu wa Meru ni wakubwa wetu," akasema mwenyekiti wa Embu. "Tafadhali kaeni mbele, muwe baba wa binti."

"Tunakataa," akasema Mwalimu. "Nyinyi ndio wenye hekima. Kaeni nyinyi."

"Hatustahili."

"Mnastahili kabisa! Usituonee kwa unyenyekevu, mzee!"

Tukiwa katikati ya kutukanana kwa adabu, tulisikia honi. Lori lilikuwa limefika. Lilipita langoni kwa shida, likasimama katikati ya boma, na juu yake kulikuwa na sanduku la mbao kubwa kama kibanda. Tulitoka wote kulitazama. Sitasahau jinsi nilivyojisikia. Mle ndani kulikuwa na mwisho wa miayo ya dalali. Mle ndani kulikuwa na mke wa mwanangu akirudi sokoni na kitu kwenye kapu.

Dereva aliteremka, akanyoosha mgongo. "Napeleka wapi? Juu Meru au nirudi chini Embu?"

"Bado tunazungumza," binti akasema.

"Mimi leo lazima nilale Nairobi. Nawapa muda wa kula tu. Mkimaliza kula bila jibu, nageuza gari. Chakula kipo?"

Chakula hakikuwepo. Mama wa Chuka alikuwa ameambiwa chai peke yake. Lakini alitazama gunia letu la viazi vya kuonyesha, akatazama mtungi wa mafuta ya kuonyesha walioubeba Embu, wala hakumuuliza mtu. Aliita wenzake wawili. Viazi vikamenywa, mafuta yakamiminwa kwenye karai, na harufu ikaanza kuzunguka boma. Mzee wa ngazini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka mahali pake.

Ndugu msomaji, nimekula katika harusi nyingi, na nimekula kwa maaskofu. Viazi vile, kwa mafuta yale, vilivipita vyakula vyote hivyo. Havikuwa na mafuta ya kulowesha vidole, vilivunjika mdomoni kama vijiti vikavu. Mwenyekiti wa Embu alikula akitikisa kichwa. "Hivi viazi," akasema, "ni vya kwenu?" Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza, "Na haya mafuta?" Akasema ndiyo. Kisha tukakumbuka kwamba tumekosana, tukageukia pande tofauti tukaendelea kula.

Sahani zilipoisha, dereva alijipangusa mikono kwenye suruali. "Haya. Juu au chini?"

Binti wa ofisi alikuwa na machozi karibu, nikamhurumia. Dereva alipanda kwenye lori, akawasha injini.

"Zima hilo gari," akasema mama wa Chuka.

Dereva akazima. Mama akaingia ukumbini, nasi tukamfuata bila kujua kwa nini. Akapita katikati ya viti hadi mbele kabisa, akavuta kile kiti kikubwa ambacho kila upande ulikuwa umekikataa, akakikalia.

"Niulizeni kitu," akasema. "Sanduku liko kwenye boma la nani?"

"La kanisa la hapa," nikajibu.

"Lori limeondoka? Halijaondoka. Na funguo za lango anazo nani?"

"Wewe, mama."

"Basi huyo binti mnayemtaka yuko kwangu. Amefika kwangu akiwa hajaolewa. Mmekuja na kondoo, mmewafunga kwenye mti wangu. Mmeleta asali nyumbani kwangu. Mmekula kwangu. Mimi ndiye mama wa binti."

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo semina zote za hotelini hazikulifanya. Kwetu, na kwa Embu vilevile, mwanamume hamkazii macho mama mkwe wake. Hapandishi sauti mbele yake, wala hamwambii "hapana". Tumelelewa hivyo tangu tukiwa wadogo, na mwili hulijua jambo hilo kabla ya kichwa. Mwalimu, aliyewahi kubishana na wakaguzi wa shule mpaka wakasahau walichokuja kukagua, aliinamisha kichwa akaanza kuvisoma viatu vyake. Mwenyekiti wa Embu aliikunja kofia yake mikononi. Hata yule mzee wa ngazini alificha miguu.

"Kondoo nimewapokea," mama akaendelea. "Asali nimeipokea. Lakini binti siwezi kumtoa. Wewe wa Kiirua, stoo yako ina umeme wa kuendesha mashine hiyo?"

"Bado, mama," nikasema nikiangalia sakafu. "Tuna wa taa."

"Na wewe wa Kanja, pale kwenye kinu pana nafasi ya kuingiza sanduku hilo?"

"Tungebanana, mama."

"Mnataka kuoa na hamna nyumba. Sasa sikieni. Nyuma ya ukumbi huu kuna jengo la zamani la kusaga kahawa. Ni kavu, mlango ni mpana, na umeme wake wa mashine bado uko. Akina mama wangu wamekaa bila kazi wakilitazama. Binti atakaa hapo, kwa mama yake. Anayemtaka atahamia."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Labda msomaji wa mbali hataelewa uzito wake. Mwanamume anayehamia kwa wakwe, akaishi kwenye boma la mke wake, kwetu ni mtu wa kuonewa huruma. Wenzake hawamchukulii maneno barazani. Sasa wazee wazima wenye mvi, tulioondoka nyumbani kama waposaji, tulikuwa tunaambiwa turudi kama waume wa kuhamia.

Mwalimu alijikaza. "Mama, kwa heshima zote, nilikuwa nataka..."

"Mkwe, unanijibu?"

"Hapana, mama."

Mwenyekiti wa Embu alipiga chafya iliyofanana sana na kicheko.

"Na wewe mkwe wa pili, kuna kitu kimekufurahisha?"

"Hapana, mama. Ni vumbi."

Huko nje dereva alipiga honi mara moja, fupi. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu, na bila sahihi yangu hakuna kitu. Niliwaza jinsi nitakavyoingia Kiirua na watu wakiniuliza mashine iko wapi. Niliwaza wenzangu wa rika. Halafu nikawaza kwamba kama ningekuwa nimerudi bila kitu, wangeniuliza vilevile, nami ningejibu nikiwa na heshima yangu yote na stoo imejaa miche. Maandiko yanamtaja mzee mkubwa wa imani aliyekaa kwa mkwewe miaka mingi akichunga kondoo wasio wake, na Mungu hakumwonea haya. Nikasimama.

"Mama mkwe," nikasema, "mimi ninahamia."

Mwalimu alinifinya paja, lakini nilikuwa nimeshasema. Mwenyekiti wa Embu aliinuka haraka kuliko nilivyodhani magoti yake yangeweza.

"Sisi tulikuwa tumekubali kabla yake," akasema. "Ni vile tu hatukusema."

Binti wa ofisi alituletea kalamu mbio kabla hatujapoa. Tulitia sahihi, Meru, Embu, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini, mama wa Chuka naye akatia, kwa niaba ya akina mama wake. Ndivyo ushirikiano wa watu wawili ulivyokuwa wa watu watatu. Kisha sote tulitoka kulisukuma lile sanduku, wazee wa huku na wa kule, makoti yamevuliwa, mama mkwe akituelekeza kwa upawa. Nilikuwa nimebanwa bega kwa bega na mwenyekiti wa Embu.

"Wewe ulijua tumekuja kuposa?" akaninong'oneza.

"Sikujua. Na wewe?"

"Nilipomwona kondoo wenu kwenye mti," akasema, "nilimwambia katibu wangu, hawa watu wa Chuka wanafuga vizuri."

Tulicheka mpaka sanduku likatuponyoka kidogo, na mama mkwe akatukemea wote wawili.

Mashine inafanya kazi. Viazi vinateremka kutoka kwetu, mafuta yanapanda kutoka kwao, na pakiti zinatoka Chuka zikielekea pande zote. Mke wa mwanangu huenda huko zamu zake kuwafundisha akina mama jinsi ya kupanga visu, na amerudi nyumbani na jiko la gesi alilolinunua mwenyewe. Mwalimu bado anasema mpango huu ni wa muda tu, ila ameshahamisha kiti chake cha starehe hadi Chuka. Nami nikipita stendi Kiirua, vijana huniita, "Mzee, unatoka kwa wakwe?" Huwajibu kwamba ndiyo, na kwamba wakwe hawajambo, na wanawasalimu.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye magunia na yule mwenzangu wa Embu, tunapumzika, tukitazama pakiti zikidondoka moja moja kwenye sanduku. Mama mkwe akaingia. Sote wawili tulisimama, tukaangalia sakafu. Naye akaitazama sakafu hiyohiyo tuliyokuwa tunaiangalia, akasema, "Mmeiona ilivyo chafu?" Akatukabidhi mafagio. Tulifagia kiwanda chote, wenyeviti wawili, mmoja kutoka kila upande, tukakutana katikati.

Mungu akubariki wewe uliyesoma mpaka hapa. Akupe jirani mwenye kile ambacho huna, na akupe moyo wa kumpokea kwa furaha. Kazi ya mikono yako isiozee stoo. Wakwe zako wakupende, na watakapokuita, magoti yako yawe na nguvu ya kwenda. Amina.